Tusimwogeshe Bibi Anayeweza Kujiosha: Nadharia za Uuguzi Kando ya Kitanda cha Mzee

Wauguzi wenzangu, wakufunzi, nanyi wanafunzi mliojaa viti vya nyuma: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie nadharia za uuguzi katika kumhudumia mgonjwa mzee. Wengi wetu tulizikariri nadharia hizi kwa ajili ya mtihani, jina na mwaka, tukazikabidhi kwa msimamizi pamoja na karatasi ya majibu. Leo nazipeleka kwenye kitanda kimoja tu, na sitaondoka hapo mpaka nimalize.

Kitandani yuko bibi wa miaka 76, kilo 42, kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga. Aliteleza uani alfajiri akienda kutawadha, shingo ya mfupa wa paja la kushoto ikavunjika. Amepasuliwa jana na kuwekewa kichwa cha bandia cha mfupa wa paja. Ana presha ya siku nyingi. Asubuhi hii ana mpira wa mkojo, ana dripu, na wajukuu wawili wamefika na chupa ya uji. Simsemi mtu fulani. Nimemtunga kutokana na wagonjwa wa aina yake, na yeyote aliyewahi kushika zamu wodi ya mifupa ya wanawake atamtambua.

Kosa tunalomfanyia bibi huyu mara nyingi kuliko yote ni kumfanyia kila kitu. Tunamwogesha, tunamlisha, tunamvalisha, tunamgeuza, na jioni tunaandika "mgonjwa amehudumiwa vizuri". Tunafanya hivyo kwa huruma, na pia kwa haraka, maana sisi kumwogesha ni dakika kumi na kumsubiri ajioshe ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Lakini misuli ya paja ya mzee hupungua ndani ya siku chache tu za kulala, na kilichopotea kwa wiki moja huchukua wiki nyingi kurudi, kama kitarudi. Bibi aliyeingia akijihudumia mwenyewe anatoka akibebwa, na nyonga imetengenezwa vizuri kabisa.

Hapa ndipo Dorothea Orem anapotufaa. Huyu ni muuguzi wa Marekani aliyeitoa nadharia yake kwa ukamilifu mwaka 1971. Anasema kila mtu mzima ana kazi ya kujihudumia, na uuguzi unahitajika pale tu mahitaji ya mtu yanapozidi uwezo wake. Kazi yetu ni kuliziba pengo hilo, na tukizidisha tunamnyang'anya uwezo alio nao. Orem ametaja namna tatu za kuliziba. Ya kwanza, muuguzi anafanya yote. Ya pili, wanagawana kazi. Ya tatu, mgonjwa anafanya mwenyewe na muuguzi anamfundisha na kumtia moyo. Mgonjwa mmoja anaweza kupita zote tatu ndani ya siku nne, na anaweza kuwa katika namna ya pili kwa kuoga huku akiwa ya tatu kwa kula.

Pengo ni lazima lipimwe. Kipimo cha Katz cha mwaka 1963 bado kinatosha, na hakihitaji kifaa chochote. Ni mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Analolifanya mwenyewe lina alama 1, analotegemea mtu lina 0. Jaza mara mbili: hali yake wiki mbili kabla ya kuanguka, na hali yake leo. Bibi yetu kabla alikuwa na 6. Leo ana 1, kula tu, kwa kuwa mpira wa mkojo tumemwekea sisi na kwa hiyo hata kuzuia haja tumempokonya. Tofauti ya alama tano ndiyo kazi yetu. Wengi hujaza hali ya leo pekee, wanaona 1, wanahitimisha kwamba huyu ni mzee asiyejiweza. Ile 6 ya kabla ndiyo inayokuambia unamrudisha wapi. Muulize mwenyewe, kisha muulize na ndugu anayeishi naye, kwa kuwa wazee wengine huona haya kukiri walichokuwa wakishindwa.

Sasa tumwogeshe. Naomba nikae hapa kidogo.

Kwanza maumivu. Paracetamol kwa mtu wa kilo 42 huhesabiwa 15 mg kwa kila kilo, yaani kama 630 mg kwa dozi moja. Kidonge kimoja cha 500 kiko salama. Viwili kila saa sita, kama tulivyozoea kuwapa vijana, vinazidi. Mpe nusu saa kabla ya kumgusa. Pima presha akiwa amelala. Inua kichwa cha kitanda, msubiri, kisha mketishe ukingoni, miguu yote miwili ikikanyaga sakafu na nyonga zikiwa juu kidogo kuliko magoti. Hapo mwulize kama anaona kizunguzungu, pima tena. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, usimsimamishe bado. Angalia maji anayokunywa na dawa zake za presha, na mwambie daktari.

Akiwa amekaa sawa, meza ya kitandani iwe mbele yake na beseni la maji ya uvuguvugu. Mfunike kanga, sehemu inayooshwa tu ndiyo ifunuliwe. Mpe kitambaa mkononi. Usiseme "nikuoshe?" Mwambie, "Bibi, anza na uso." Ataosha uso, shingo, mikono, kifua, tumbo, na mapaja yote mpaka pale mkono unapofika bila kuinama. Hapo mzuie. Kama upasuaji ulipitia nyuma ya nyonga, hatakiwi kukunja nyonga kupita nyuzi 90, wala kukutanisha miguu kwa kuipishanisha, wala kugeuza mguu wa kushoto kuelekea ndani. Kichwa cha bandia kinaweza kuchomoka. Kwa hiyo chini ya magoti ni kazi yako, na mgongo ni kazi yako. Huo ndio mgawanyo wa Orem, na mstari wake unapita mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Ukiwa unaosha mgongo na miguu ndipo unapokagua ngozi kutafuta dalili za vidonda vya mgandamizo: kifandugu, pande za nyonga, visigino. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Ngozi ya bibi yetu ni nyeusi, wekundu hautauona vizuri. Tumia nyuma ya vidole, tafuta pa moto au pa baridi kuliko pembeni, pagumu au palipolegea, na mwulize panapomuuma. Ukipakuta, usipachue kwa mafuta. Kuchua mahali palipoanza kuumia huzidi kuvunja mishipa midogo iliyo chini. Na ile glovu iliyojazwa maji tunayoiweka chini ya kisigino, na ule mviringo wa kitambaa kama kata ya kubebea ndoo, tuviache. Huhamisha mgandamizo na kuukusanya ukingoni. Weka mto chini ya shavu zima la mguu, kisigino kielee hewani. Alama za Braden, kipimo cha hatari ya kupata vidonda hivyo, huanzia 6 hadi 23. Akiwa na 18 au chini yake yumo hatarini, na ratiba ya kumgeuza kila saa mbili iandikwe ukutani na itiwe saini.

Ukimaliza, andika: "Ameosha uso, mikono, kifua, tumbo na mapaja mwenyewe akiwa amekaa. Amesaidiwa mgongo na miguu. Hakuona kizunguzungu." Zamu inayofuata ikisoma hivyo itajua pa kuanzia. Ikisoma "ameogeshwa", itamwogesha.

Najua mtaniambia wodi ina wagonjwa thelathini na wauguzi wawili. Ndiyo maana nasema nadharia ni ya wodi zenye wauguzi wachache. Wakati wa makabidhiano ya zamu, kila mzee awekewe herufi moja: Y kwa anayefanyiwa yote, G kwa wanaogawana, F kwa anayefundishwa. Y wapewe mikono yenu kwanza. G waandaliwe maji na kitambaa, waanze wenyewe huku mkiwa kwa Y. Herufi ikikaa Y siku tatu mfululizo bila sababu iliyoandikwa, muuguzi mkuu aulize.

Kuna jambo ambalo Orem peke yake hatoshi kulieleza. Bibi yetu hanywi maji. Kwenye mpango wa uuguzi tunaandika "kumhimiza anywe maji ya kutosha", na kesho midomo imekauka vilevile. Virginia Henderson, aliyeorodhesha mahitaji 14 ya msingi kuanzia kupumua hadi kujifunza, alitupa swali zuri kuliko hata orodha yenyewe. Mtu akishindwa kutimiza hitaji, kimekosekana kimoja kati ya vitatu: nguvu, nia au maarifa. Uliza kimojakimoja. Nguvu: je, kikombe kiko upande anaoufikia? Maarifa: je, anajua kwamba anatakiwa kunywa? Anajua. Basi ni nia, na ukikaa naye kwa upole atakwambia kwa sauti ndogo kwamba mpira ukitolewa hataki kuwasumbua mabinti kwa chombo cha mkojo kila saa. Kinachomzuia bibi huyu kunywa maji ni aibu.

Mpango sasa unabadilika. Mpira wa mkojo utolewe mapema kadiri daktari anavyoruhusu, kwa kuwa kila siku unayoongeza inaongeza hatari ya maambukizi. Ukishautoa, subiri akojoe ndani ya saa sita. Asipokojoa, papasa chini ya kitovu uone kama kibofu kimejaa. Mahitaji yake ya maji ni karibu 30 ml kwa kilo, yaani kama lita 1 na robo. Andika hivi: kikombe cha robo lita saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7, saa 9 na saa 12 jioni, isipokuwa moyo au figo vikiwa na katazo. Baada ya kila kikombe, muuguzi ndiye ampelekee chombo na pazia, bila kusubiri kuombwa. Kupima ukavu usivute ngozi ya mgongo wa kiganja. Ya mzee imelegea hata akiwa amekunywa pipa. Vuta ya kifua au ya paji la uso, na utazame ulimi.

Usiku wa pili anaanza kumwita mjukuu kwa jina la marehemu dada yake. Ndugu wanasema "ni uzee". Tafadhali, wauguzi, tusikubali neno hilo. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla na kunakopanda na kushuka ni dalili ya ugonjwa, na kwa mzee inaweza kuwa dalili pekee ya nimonia au maambukizi ya mkojo, bila homa yoyote. Mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Kilichopotea kwanza ni uwezo wa kushika jambo moja, na zoezi hili dogo hukionyesha. Wala tusimsubiri apige kelele. Anayelala kutwa, mtulivu, asiyesumbua mtu, ndiye tunayempita, na ndiye aliye hatarini zaidi. Tafuta chanzo: maumivu, maji, choo kigumu, mkojo uliobana, oksijeni, sukari, dawa mpya. Diazepam "ya kumtuliza" huzidisha.

Na hapa hatuhitaji nadharia mpya. Florence Nightingale, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820, siku ambayo sasa ndiyo yetu wauguzi duniani kote, alisema katikati ya karne ya 19 kwamba hewa, mwanga, usafi na utulivu ni tiba. Kwa bibi yetu maana yake ni kufungua pazia asubuhi, kuzima taa kubwa usiku, kumrudishia miwani na meno ya bandia yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni kabatini, kukagua nta masikioni, na kuacha kumwamsha saa 10 alfajiri kwa kipimo ambacho kingeweza kusubiri hadi saa 12. Unganisha kazi za usiku ziwe mara moja. Ni mambo madogo na hayagharimu shilingi.

Siku ya tatu anakataa kusimama. "Mgonjwa hana ushirikiano", tunaandika. Hapo namwendea Sista Callista Roy, mtawa na muuguzi wa Marekani aliyeanza kuchapisha nadharia yake mwaka 1970. Roy anamwona mtu kama kiumbe anayejaribu kukabiliana na mabadiliko, na anatufundisha kutenganisha kinachomkabili moja kwa moja, kilichomzunguka, na kile alichokuja nacho moyoni. Kinachomkabili bibi ni hofu ya kuanguka tena. Kilichomzunguka ni sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, ndala za mjukuu zinazompwaya, na muuguzi kijana anayemwambia "haya, inuka". Alichokuja nacho ni kumbukumbu ya shoga yake aliyevunjika nyonga akalala ndani hadi kufa. La kwanza na la pili unayarekebisha kabla ya saa 4 asubuhi: sakafu ikauke, viatu vyenye kisigino kilichofungwa, fremu ya kutembelea ya kimo chake. La tatu linahitaji maneno. Mwambie kwamba aliyelala ndani hakupasuliwa, yeye amepasuliwa, na mguu wake unaruhusiwa kukanyaga. Sema hivyo baada ya kuthibitisha na daktari wa mifupa.

Na umwambie kwa adabu. Mzee wa Pwani hasikilizi amri ya mtoto. Anza na shikamoo, subiri marahaba yake, kaa ili macho yenu yalingane, sema jina lako na ulichokuja kufanya. Hildegard Peplau, mwananadharia mwingine wa uuguzi, alikwisha kuandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio chombo cha kazi, na hatua yake ya kwanza ni kufahamiana. Anayemwita "kitanda namba 8" hajaianza hata hatua hiyo.

Nimewasifia Orem, sasa niseme kasoro yake. Anaanza na mtu mmoja anayetaka kujitegemea. Kwetu, mjukuu anayemtia bibi uji mdomoni anatoa heshima, na bibi anayepokea anatoa baraka. Ukimwambia mjukuu "mwache ale mwenyewe", umevunja jambo bila kulijua. Madeleine Leininger, muuguzi aliyekwenda kuishi na kutafiti kwa Wagadsup wa Papua Guinea Mpya, alisema mila za mgonjwa zina njia tatu: kuna za kuhifadhi, kuna za kupatana nazo, na kuna za kubadilisha kwa makubaliano. Heshima ya mjukuu ihifadhiwe, ila apewe kazi nyingine: amshikie bakuli, amkalishe wima wakati wa kula na nusu saa baadaye asipaliwe, atembee upande wake, aweke hesabu ya vikombe. Swala ni ya kupatana nayo: kurukuu kunafikia nyuzi 90 na kusujudu kunazipita, basi aswali juu ya kiti, jambo ambalo dini yenyewe inamruhusu mgonjwa, na shehe au imamu wa hospitali akilisema yeye litapokelewa vyema kuliko tukilisema sisi. Kukanda nyonga kwa maji ya moto na kuchua mguu ni la kubadilisha, kwa kuwa kuna kidonda na kuna hatari ya damu kuganda. Usiwakemee ndugu. Waeleze sababu, kisha mwonyeshe mjukuu zoezi la kukunja na kunyoosha kifundo cha mguu, mara kumi kila saa bibi akiwa macho. Aliyekuja kuchua anapata la kufanya.

Onyo dogo kwa wanafunzi: msijaze nadharia tano kwenye mpango mmoja ili mwalimu afurahi. Chagua moja iwe uti wa mgongo, nami kwa mzee anayetarajiwa kupona nachagua Orem. Nyingine ziite zinapohitajika, kama tulivyofanya kwa maji na kwa hofu. Kwa mzee ambaye hatapona, uti wa mgongo huo haufai. Hapo kumdai ajihudumie ni ukatili, na nadharia ya faraja ya Katharine Kolcaba ndiyo ya kushika.

Imebaki nyumbani, na nyumbani ndiko nyonga nyingi za bandia huchomoka. Usisubiri siku ya ruhusa ndipo ufundishe. Anza siku ya pili, na mfundishe bibi mwenyewe, ndugu wakisikia. Mwulize siku yake huanza vipi. Atakwambia choo ni cha kuchuchumaa, hulala kwenye kitanda cha kamba kilicholegea katikati, na kazi yake kuu ni kukuna nazi. Yote matatu ni hatari. Fikirieni mwanamke aliyekaa juu ya mbuzi: kigoda kiko chini, magoti yako juu kuliko nyonga, mwili umeinamia mbele. Ukimwambia tu "usikunje nyonga kupita nyuzi 90", ataitikia ndiyo, na jioni atakuwa juu ya mbuzi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kukaa juu ya mbuzi ni kupita nyuzi 90. Mtajie mbuzi. Nazi akune mjukuu. Yeye apike, jiko la mkaa likipandishwa juu ya matofali yaliyotulia na yeye akikaa kiti cha kawaida, ili ubwabwa wa nyumba ile uendelee kuwa wa mkono wake.

Kimo cha kiti na kitanda kipimwe kwa uzi: kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la nyuma ya goti lake, ongeza sentimita 5 hivi. Mpeni mjukuu uzi huo uliokatwa kabisa aende nao kwa fundi. Cha chooni kiwe kiti cha mbao kilichotobolewa. Cha plastiki kikikatwa katikati hupoteza nguvu na miguu yake huteleza kwenye sakafu yenye maji. Masharti haya hudumu wiki 6 hadi 12 kwa kadiri ya maelekezo ya daktari aliyepasua, ila kuchuchumaa aachane nako moja kwa moja.

Mfuko wa dawa zote za nyumbani uletwe na umwagwe mezani, pamoja na diclofenac za maumivu za dukani anazomeza kimyakimya kwa ajili ya magoti. Kwa mwenye presha wa umri wake huumiza figo na tumbo.

Kabla hamjatia saini ya ruhusa, msimwulize kama ameelewa. Leteni kiti cha wodini kilicho sawa na uzi ule, mwambieni: "Bibi, tuonyeshe utakavyokaa kesho nyumbani." Atanyoosha mguu wa kushoto mbele kwanza, atashika mikono ya kiti, atashuka polepole mgongo ukiwa wima. Akisahau mguu, abaki siku moja zaidi.